Publisher inafikia mwisho Oktoba 2026: duka letu la uchapaji lihamie programu gani?

MchapaKadi, Morogoro

Habari za kazi, ndugu zangu. Naomba ushauri wenu juu ya uamuzi ambao siwezi kuuahirisha tena.

Nina duka la usanifu na uchapaji. Tuko watu watatu, na kila mmoja ana kompyuta yake ya Windows. Kwa miaka tisa kazi zetu karibu zote tumezifanya kwa Microsoft Publisher: kadi za michango na za mwaliko wa harusi, ratiba za mazishi ambazo huagizwa jioni zikatakiwa alfajiri, vyeti vya mahafali, kalenda za ukutani, na jarida la kurasa 24 la chama kimoja cha akiba na mikopo linalotoka kila baada ya miezi mitatu. Kazi ndogo tunazitoa wenyewe kwa printa ya leza iliyopo dukani, ilhali jarida na kalenda tunazipeleka Kariakoo, Dar es Salaam, zikapigwe kwa mashine ya ofseti.

Sasa Microsoft wametangaza kwamba Oktoba 2026 ndio mwisho wa Publisher. Wenye toleo walilolinunua moja kwa moja wataendelea kulitumia bila masasisho, lakini sisi tunaolipia Microsoft 365 tutaondolewa programu yenyewe, na faili zetu hatutaweza tena kuzifungua ndani yake. Nilipohesabu nilikuta tuna faili 1,400 na ushei zenye mwisho wa .pub, na hizo ndizo mtaji wangu. Mama aliyechapisha kwangu kadi za harusi ya mtoto wake wa kwanza hurudi kwa ajili ya wa pili akasema, "Nataka kama zile zile, badilisha majina tu," nami nimezoea kumwambia apite jioni azichukue.

Nimetajiwa InDesign, Affinity, Scribus na Canva. Natafuta programu ambayo vijana wangu wawili wataimudu ndani ya miezi michache, ambayo mpiga chapa wa Dar es Salaam atapokea kazi zake bila manung'uniko, na ambayo haitanirudisha hapa nilipo baada ya miaka mingine tisa. Waliokwisha kuhama, tafadhali nielezeni mlichokutana nacho.

FundiPleti, Dar es Salaam

Ndugu MchapaKadi, mimi nipo upande wa pili wa kaunta. Kwa miaka kumi na minne kazi yangu imekuwa kupokea faili za wateja, kuzikagua na kuzitoa kwenye pleti, yaani mabamba ya mashine ya ofseti, kwa hiyo utaniwia radhi nikianzia huku kwetu kabla ya kufika kwenye majina ya programu.

Sisi wapiga chapa hatuhitaji faili ya programu yako. Tunahitaji PDF iliyoandaliwa kwa ajili ya uchapaji, hasa ya kiwango cha PDF/X, ambacho hulazimisha fonti zote ziwemo ndani ya faili na rangi zitambulike ni za wino gani. PDF/X-1a ndiyo ya zamani zaidi: inakubali rangi za CMYK, yaani zile za wino nne za uchapaji, na wino maalumu tu, wala haipokei vitu vinavyoacha kilicho chini yake kionekane, kama vivuli vilivyofifishwa. PDF/X-4 inavipokea. Muulize mpiga chapa wako anataka ipi kabla hujachagua programu, kwa maana jibu lake litakuondolea nusu ya mashaka. InDesign, Affinity na Scribus zote tatu zinatoa PDF/X, na faili ikishafika kwetu ikiwa imekamilika, hatujui wala hatuna haja ya kujua ilitoka kwenye ipi.

Nikupe kosa moja ninaloliona karibu kila wiki. Mteja analeta jarida lenye maandishi meusi ya pointi 9. Kwenye skrini ni meusi tii. Ninapotenganisha rangi nakuta kila herufi imejengwa kwa wino wote wanne, yaani sayani, majenta, manjano na nyeusi, kwa sababu programu iliutunza weusi huo kwa RGB, ambayo ni rangi ya skrini, kisha ikaugeuza wakati wa kutoa PDF. Karatasi ikisogea kidogo tu mashineni, hata sehemu ya kumi ya milimita, kila herufi inaota ukingo wa waridi upande mmoja na wa buluu upande wa pili, na msomaji anachoka macho asijue sababu. Maandishi madogo meusi yanatakiwa yawe na wino mweusi asilimia 100 na wino mingine yote sifuri. InDesign na Scribus zinakuwezesha kutazama kila wino peke yake kabla ya kutoa faili, na mimi huo ndio uwezo ninaouthamini kuliko mapambo yote ambayo programu hizi hujisifia.

Jambo la pili ni ziada ya kukatwa. Rangi au picha ikifika ukingoni mwa karatasi, irefushe milimita 3 nje ya kila upande; hivyo ukurasa wa A5, ambao ni milimita 148 kwa 210, unatufikia ukiwa 154 kwa 216. La tatu ni picha. Picha yenye upana wa pikseli 1,600 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inatosha sentimita 13 na nusu tu, ilhali A4 nzima inadai pikseli 2,480 kwa upana wake wa sentimita 21. Waambieni wateja wenu wakituma picha kwa WhatsApp wazitume kama hati, kwa sababu zikitumwa kama picha hupunguzwa njiani.

Kuhusu Canva sina neno baya. Kwa tangazo la kupachika mtandaoni au kipeperushi cha haraka inafaa, ingawa PDF yenye rangi za CMYK inapatikana kwa wanaolipia tu. Jarida la kurasa 24 lenye safu, vichwa na namba za kurasa nisingelifanyia huko.

Neno la mwisho, na hili ninalisema kwa kuwa niliwaona watu wakiumia. PageMaker, programu ya zamani ya kupanga kurasa, ilitoka mwaka 1985, ikaingia mikononi mwa Adobe, wenye InDesign, mwaka 1994, na toleo lake la mwisho, la 7, ni la mwaka 2001. Matoleo ya InDesign hadi CS6 yaliweza kufungua faili za PageMaker; yaliyofuata hayakuweza. Waliohamisha kazi zao mapema walivuka salama, na waliosubiri walikuja kwetu na CD zilizojaa kazi ambazo hakuna mashine iliyoweza kuzisoma. Usiingoje Oktoba.

BintiKisiwani, Mombasa

Assalaam alaykum, kaka MchapaKadi. Mimi natumia Scribus, na nimeishi nayo muda wa kutosha kukwambia uzuri wake na taabu zake kwa haki.

Kazi yangu kubwa ni vitabu vidogo vya madrasa, ambamo Kiswahili na Kiarabu hukaa katika ukurasa mmoja. Hapo ndipo nilipochagua. Tangu Scribus ilipopata uwezo wa kuunganisha herufi za Kiarabu na kuziandika kutoka kulia, uwezo ambao sasa umo katika toleo tulivu la 1.6 lililotoka mwaka 2024, sijaona haja ya kulipia kitu kingine. Nilijaribu Affinity ya toleo la 2, nikaipenda kwa wepesi wake, lakini haikuwa na uandishi wa kulia kwenda kushoto, nikaiacha. Kama huna Kiarabu, sababu hii haikuhusu.

Scribus ni ya bure na ya chanzo huria, inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux, na faili yake ya .sla ni maandishi ya XML ambayo hata programu ya kawaida ya kuandikia hufungua. Hilo kwangu ni amana. Ikitokea siku Scribus yenyewe haipo, maneno ya kitabu changu nitayakuta mle ndani yakisomeka. Tena inaweza kuingiza faili za .pub, kama ifanyavyo LibreOffice Draw, ijapokuwa usitarajie kila kitu kukaa mahali pake. Kadi ya ukurasa mmoja huja karibu kamili, ila jarida lenye majedwali hufika limevurugika, na mara nyingi ni afadhali kulipanga upya.

Taabu zake ni hizi. Majedwali yanasumbua. Kutengua kosa hakuaminiki kama ulivyozoea kwenye Publisher, kwa hiyo hifadhi kazi mara kwa mara kwa majina tofauti. Faili iliyohifadhiwa kwa toleo la 1.6 haifunguki kwenye 1.4, basi kompyuta zako tatu zipandishe toleo siku moja. Na ukiamua kuhamia Linux kabisa, fonti za Calibri na Cambria hazitakuwepo; weka Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana ule ule, na mistari yako haitahama.

MpangaKurasa, Nairobi

Ninapanga vitabu vya shule kwa InDesign, na ninailipia kila mwezi kwa sababu wachapishaji ninaowafanyia kazi wanataka niwarudishie faili ya InDesign yenyewe, wahariri wao waendelee kuirekebisha. Hiyo ndiyo sababu pekee inayonishikilia. Tangu mwaka 2013 Adobe waliachana na uuzaji wa toleo la kudumu kwa kila toleo jipya, CS6 ya mwaka 2012 ikawa ya mwisho ya namna hiyo, na sasa usipolipa huwezi kuifungua. Ndugu MchapaKadi, kwa maelezo yako wateja wako wanataka karatasi iliyochapwa, hawataki faili. Zidisha ada hiyo kwa kompyuta tatu na miezi kumi na miwili, uone kama kadi za michango zitaibeba. Mimi nadhani hazitaibeba.

Naomba niongeze jambo ambalo halijatajwa, nalo ni ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Programu hizi zisipoambiwa kwamba maandishi ni ya Kiswahili huyakata kwa kanuni za Kiingereza. Nilipokea kitabu kilichopangwa mahali pengine nikakuta "kinyume" imekatwa baada ya "kin", na "nyumbani" baada ya "nyum". Mtoto wa darasa la tatu akisoma hivyo hujikwaa, kwa sababu silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu: ki-nyu-me, nyu-mba-ni. Katika programu utakayoichagua, tafuta mahali pa kuweka lugha ya aya. Ikiwa Kiswahili hakimo na huwezi kukiongeza, zima kabisa ukataji wa maneno, na maandishi ya safu nyembamba uyapange upande wa kushoto peke yake badala ya kuyanyoosha pande zote mbili. Maneno yetu ni marefu. Neno kama "watakapoyawasilisha" likirushwa mstari wa chini bila kukatwa, mstari wa juu uliolazimishwa kujaa hubaki na mapengo ambayo jicho linayaona kabla ya kusoma chochote.

MchapaKadi, Morogoro

Nawashukuru sana. FundiPleti, nimepiga simu Kariakoo leo asubuhi na nimejibiwa kwamba wanapokea PDF/X-4, na pia kwamba jarida letu la mwisho lilikuwa na tatizo hilo hilo la weusi wa wino nne, wakalirekebisha wenyewe bila kuniambia. Nililitoa kabatini nikalitazama kwa kioo cha kukuzia, na waridi hilo bado lilionekana kwenye maelezo ya picha katika kurasa mbili ambazo hawakuzigusa. Miaka yote hiyo nilidhani ni ubora wa karatasi.

Kuna jambo nililolisahau katika swali langu. Kadi nyingi tunazotoa huwa na jina la kila mwalikwa. Harusi moja inaweza kuwa na kadi 300, nasi huchukua orodha ya mteja kutoka Excel, tukaiunganisha na kadi, na kila kadi ikatoka na jina lake. Vyeti vya mahafali ni vivyo hivyo. Je, Scribus inafanya hivyo? Na Affinity? Nisipopata uwezo huu, vijana wangu watarudi kuandika majina 300 kwa mkono mmoja baada ya mwingine, na kosa katika jina la mtu kwenye kadi ya mwaliko ni aibu isiyosahaulika.

MpangaKurasa, Nairobi

Hilo linabadilisha ushauri wangu. InDesign inaunganisha na ukurasa, bila shida, orodha ya CSV, yaani faili ya maandishi matupu ambayo Excel huweza kuitoa. Affinity Publisher, yaani programu ya kurasa ya Affinity, nayo ilipata uwezo huo mwaka 2021 katika toleo la 1.9, na inasoma orodha ya Excel moja kwa moja. Scribus haina uwezo huo ndani yake; hufanyika kwa programu ndogo ya nyongeza inayoitwa ScribusGenerator, ambayo inafanya kazi lakini humtaka mtu mwenye subira.

Ujue pia kwamba Affinity imebadilika. Serif, kampuni ya Uingereza iliyoitengeneza, ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na Oktoba 2025 zile programu tatu za picha, michoro na kurasa ziliunganishwa kuwa moja inayotolewa bure. Unahitaji akaunti ya Canva ili kuifungulia, na wanaolipia Canva ndio wanaopata zana za akili bandia, ambazo kwa kadi na majarida huna shida nazo. Inaendeshwa kwenye Windows na Mac.

BintiKisiwani, Mombasa

Nathibitisha habari ya ScribusGenerator. Niliitumia kwa vyeti 60 na ikanichukua siku nzima kuielewa. Kwa kadi 300 za kila wiki sikushauri, kaka.

Ila nina wasiwasi mmoja, na ninausema nikiwa nakutakia heri. Kinachotolewa bure na kampuni, kampuni hiyo ndiyo yenye ufunguo wake, na wewe umetoka kufungiwa mlango mara moja. Kila kazi ukiimaliza, weka pamoja vitu vitatu katika folda moja yenye jina la mteja na mwaka: PDF ya mwisho, maandishi matupu, na picha zote zilivyofika kabla hujazipunguza. Mwenye vitu hivyo vitatu huijenga upya kazi yake katika programu yoyote kwa saa chache.

FundiPleti, Dar es Salaam

Nakubaliana na dada BintiKisiwani, na ningependa utaratibu huo uanze na zile faili 1,400 maadamu Publisher bado inafunguka. Msizihamishe zote, mtajichosha. Zote zitoleeni PDF kwanza. Kijana anayejua kuandika makro, yaani maagizo yanayojiendesha ndani ya programu, anaweza kuiamuru Publisher ipitie folda nzima na kutoa PDF moja baada ya nyingine usiku kucha. Kisha chagueni zile ambazo wateja wake hurudi, na hizo tu ndizo mzipange upya. Affinity hufungua PDF na kukuruhusu kuhariri yaliyomo, lakini aya mara nyingi hufika zikiwa zimevunjika mstari kwa mstari, kwa hiyo kwa kadi itakufaa, na kwa jarida chukueni maandishi kutoka kwenye Publisher na kuyamwaga katika fremu mpya.

Angalizo moja kuhusu Affinity: toleo la 2 ninalolijua halina dirisha la kutazama kila wino peke yake kama nililolisifu hapo juu. Tengenezeni rangi ya maandishi mara moja, nyeusi 100 na nyingine sifuri, muihifadhi kwa jina, na mitindo yote ya aya itumie hiyo. Msiuguse weusi ule unaokuja na programu.

MchapaKadi, Morogoro

Nimeamua, na ninaandika hapa ili nisije nikayumba. Tutahamia Affinity kwa kadi, vyeti na jarida. Scribus tutaiweka kwenye kompyuta moja, kwa sababu ratiba kadhaa za mazishi nilizozijaribu jana usiku ziliingia ndani yake kutoka kwenye .pub zikiwa karibu kamili, na kazi hizo hazina orodha ya majina. InDesign hatutaichukua kwa sasa.

Jana kijana wangu mmoja alichukua orodha ya waalikwa 40 akaiunganisha na kadi katika Affinity. Kadi 39 zilitoka vizuri. Moja ilikuwa na jina refu la bwana na bibi lililozidi fremu, maneno mawili ya mwisho yakafichika, na hakuna aliyegundua mpaka zilipotoka kwenye printa. Tumeipanua fremu na kukubaliana kwamba kabla ya kuchapa, mtu wa pili atapitia kadi zote kwenye skrini akiwa na orodha mkononi.

FundiPleti, nina ombi moja. Jarida lijalo litapigwa kwenye karatasi ya kung'aa ya gramu 115. Je, nichague profaili ipi ya rangi, yaani ile faili inayoieleza programu jinsi wino utakavyotoka kwenye karatasi, wakati wa kutoa PDF/X-4?

FundiPleti, Dar es Salaam

Usiichague kwa kubahatisha, wala usichukue ya kwetu, kwa sababu kazi yako haipigwi kwetu. Waombe Kariakoo wakutumie faili ya profaili wanayoitumia kwa karatasi ya kung'aa, uiweke kwenye kompyuta zote tatu kabla ya kuanza kupanga ukurasa wa kwanza, kisha waombe prufu, yaani chapa ya majaribio, ya kurasa nne tu. Itazame kwa kile kioo chako cha kukuzia, uanze na maelezo ya picha.